Waliokula Chumvi Nyingi

Ukitaka kumpa mzee heshima yake bila kumhesabia miaka, unasema amekula chumvi nyingi. Nimeusikia msemo huu tangu utoto wangu Lindi, barazani, misibani na kwenye vikao vya posa, na kila mara ulitumika kutuliza watu: mwacheni huyu aseme, amekula chumvi nyingi kuliko nyie. Chumvi ilikuwa hesabu ya siku. Kila siku aliyoishi mtu ilikuwa na mlo wake, kila mlo na chembe zake chache, na chembe hizo zikilundikana kwa miaka sabini zinageuka kuwa neno lenye uzito.

Nimeufikiria sana msemo huu tangu mama yangu alipoambiwa apunguze chumvi.

Kwetu chumvi ilikuwa kazi pia. Babu mzaa mama alikuwa mtu wa majaruba. Bahari ikijaa wakati wa bamvua, maji yanaingizwa kwa mfereji, yanafungiwa, kisha kazi inaachiwa jua na upepo. Yanahamishwa kutoka jaruba moja hadi jingine yakizidi kuwa mazito, hadi asubuhi moja uso wake unashika utando mweupe kama wa maziwa yaliyopoa. Hapo ndipo watu wanaingia kuikomba chumvi na kuilundika kando, chini ya paa la makuti, isije ikanyeshewa. Babu alirudi jioni nyusi zikiwa nyeupe, miguu imepasuka nyufa ambazo hazikupona msimu mzima kwa kuwa kila kukicha zilirudi mlemle kwenye maji ya chumvi. Alikuja na chumvi ya mawe kidogo kwenye kitambaa. Bibi aliitia kwenye kifuu, akakitundika juu ya mafiga ili moshi uikaushe. Akipika aliichukua kwa ncha za vidole vitatu, akavisugua juu ya chungu, basi. Aliyeziona nyufa za miguu ile hakuweza kuimimina chumvi.

Bara nako ilikuwa hivyo hivyo. Uvinza, mkoani Kigoma, watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi kwenye vyungu kwa zaidi ya miaka elfu moja, na chumvi yao ilibebwa mabegani kwenda kubadilishwa na bidhaa nyingine nchi za mbali. Kitu cha kubebwa mabegani hakiliwi ovyo. Nadhani msemo wetu ulizaliwa katika hali ya namna hiyo, chumvi ikiwa haba na miaka ya mtu mingi. Aliyekula nyingi alikuwa ameila polepole.

Leo pakiti ya nusu kilo ni miongoni mwa vitu vya bei ya chini kabisa dukani, na mkono umeufuata wepesi huo. Vidole vitatu vimekuwa kijiko, kijiko kimekuwa kijiko cha mlima.

Mama alikuwa na miaka 71. Alikwenda kuangaliwa macho, kichwa hakimuumi, mguu haumuumi. Mhudumu akamfunga mkanda mkononi, mkanda ukabana, ukaachia, zikatoka namba mbili: 172 kwa 104. Ya juu ni nguvu ya damu kwenye mishipa moyo unapodunda, ya chini ni nguvu yake moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Zikifika 140 kwa 90 na kupita, tena zikarudi hivyo siku nyingine, basi mtu ana shinikizo la juu la damu, presha ya kupanda kama tunavyoiita mtaani. Karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawajui kama wanayo. Mama alikuwa mmoja wao, labda kwa miaka. Presha haibishi hodi. Wengi huijua siku kiharusi kinapowaangusha uani, na majirani wanabaki kubishana kama ni upepo mbaya au mkono wa mtu.

Walimpa vidonge, wakampa na sentensi moja: mama, upunguze chumvi.

Sentensi hiyo ni ya kweli kabisa, na sina kinyongo na aliyeisema. Nyuma yake kulikuwa na foleni ndefu. Lakini nimeirudia kichwani mara nyingi, na kila ninapoirudia naona tatizo lake liko kwenye kitenzi. Upunguze. Wewe, peke yako. Nani katika nyumba zetu anakula chumvi peke yake? Chumvi ya mama iko kwenye sufuria moja na chumvi ya watu wanane wengine: kaka yangu, wifi yangu, watoto wao watano, na kijana wa shangazi anayesoma mjini. Mezani kwetu hakuna kikopo cha kila mtu kujinyunyizia. Hata meza yenyewe hakuna. Kuna mkeka, sinia, na mikono ya kulia tisa. Daktari alimwandikia mtu mmoja dawa ambayo ilipaswa kwenda kwa chungu.

Mama alifanya kile ambacho kina mama wengi hufanya. Hakumsumbua mtu. Alipika cha wengine kama kawaida, kisha akajipikia chake kwenye kisufuria kidogo: mchicha wa kuchemsha, kipande cha samaki, wali mkavu. Nilipokuja kutoka Dar es Salaam mwezi ule niliwakuta wamezunguka sinia barazani, wanacheka, nikamtafuta yeye. Alikuwa jikoni, amekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mgongo ameupa mlango, sahani imo mapajani. Nikamuuliza mbona yuko huku. Akasema, "Nakula dawa, mwanangu."

Wiki tatu hazikufika akarudi kwenye sinia na kwenye chumvi yake ya zamani. Ndugu wakasema mama mkaidi. Mimi nilikuwa nimeuona ule mgongo, na nasema aliyemrudisha ni upweke. Mtu aliyelisha watu kwa miaka hamsini, ukimwondoa kwenye mduara wa sinia umemwondolea kitu kikubwa kuliko ladha. Tunazungumza sana siku hizi juu ya afya ya akili, na ni vizuri, lakini tunapomtenga mzee na kisahani chake cha mgonjwa tunasahau kwamba hiyo nayo ni afya tunayoichukua kwa mkono wa pili huku wa kwanza unatoa vidonge.

Aliyeligeuza jambo ni wifi yangu. Hakusoma udaktari. Jioni moja, baada ya kumwona mama mkwe wake akisukuma vipande vya papa kando ya sinia kisha akivirudia, aliuliza watu wote, "Kwani sisi wengine tuna mishipa ya bati?"

Swali hilo lina historia ndefu kuliko alivyojua. Mwaka 1929 jarida la tiba la Uingereza, The Lancet, lilichapisha taarifa fupi ya daktari wa enzi za ukoloni, Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo ya Kusini, magharibi mwa Kenya. Alipima presha za watu wapatao 1,000. Kwa wazungu wa wakati ule ilijulikana kwamba presha hupanda kadiri mtu anavyozeeka, kama mvi. Kwa watu aliowapima yeye haikupanda. Waliovuka miaka arobaini ilianza hata kushuka. Nilipoisoma habari hiyo nilikaa nayo kimya kwa muda. Wazee wale waliitwa, bila shaka, kwa lugha zao, kwa heshima kama ile ya wazee wetu, na presha zao hazikupanda na umri.

Miaka sitini baadaye, 1990, watafiti wa Kenya na Uingereza walichapisha matokeo ya kazi iliyofanyika katika eneo lilelile la nchi. Walikuwa wamewafuata Waluo waliotoka vijijini karibu na Ziwa Viktoria kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki. Watu ni walewale, damu ni ileile, mababu walewale. Lakini muda mfupi tu baada ya kuhamia mjini presha zao zilikuwa zimepanda kuwapita waliobaki. Mkojo wao ulipopimwa ulikuwa na sodiamu zaidi, ambayo ndiyo sehemu ya chumvi inayohusika na presha, na potasiamu pungufu. Uzito nao uliongezeka, na mapigo ya moyo yalikuwa ya kasi zaidi. Mji uliwaingia kwa njia nyingi, mojawapo ikiwa sahani.

Hiyo potasiamu haitajwi vya kutosha. Iko kwenye maharage, mchicha, kisamvu, viazi vitamu, ndizi za kupika na za kuiva, parachichi, maji ya dafu. Husaidia figo kutoa sodiamu na mishipa kulegea. Kwa hiyo mtu anayehama kutoka kijijini anapigwa mara mbili: anaongeza kinachokaza mishipa na anapunguza kinachoilegeza. Aliyekuwa anakula kiazi kitamu asubuhi sasa anakula mkate na soseji, na ukimwambia arudie kiazi anaona unamrudisha nyuma kimaisha. Hapa ndipo ninapoona suala la afya linageuka kuwa suala la tunachokiita maendeleo. Tumekubali kirahisi mno kwamba chakula cha bibi ni chakula cha shida.

Wifi alianza na kalamu. Aliponunua pakiti mpya ya chumvi aliandika tarehe juu yake, na ilipokwisha akahesabu. Siku sita. Nusu kilo kwa watu tisa kwa siku sita ni gramu tisa na ushee kwa kila kichwa kwa siku, watoto wakiwemo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu tano, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na watoto chini ya hapo. Dunia kwa ujumla inakula karibu mara mbili ya kiwango hicho, kwa hiyo nyumba yetu haikuwa ya ajabu. Lakini hesabu ile ilifanya kitu ambacho ushauri haukufanya. Ilihamisha jambo kutoka mwilini mwa mama hadi kwenye pakiti, mahali ambapo kila mtu aliliona. Nimeijaribu kwangu na ninamshauri yeyote anayesoma hapa: andika tarehe kwenye pakiti. Hupimwi, huchomwi sindano, hulipi kitu.

Kisha akapunguza robo, bila kutangaza. Wali akauacha bila chumvi kabisa, kama tunavyoula ugali siku zote bila kulalamika, mchuzi ubebe wote wawili. Chumvi ya mchuzi aliitia mwishoni badala ya mwanzoni, kwa sababu ile inayokaa juu ya chakula ulimi huiona upesi kuliko iliyozama ndani. Akaongeza ndimu, ukwaju, thomu, tangawizi, embe mbichi zikiwa za msimu. Samaki akawakanda ndimu na pilipili manga kabla ya kuwachoma. Siku za mwanzo watoto walinuna. Mchuzi chapwa, walisema, na kwa Mswahili hakuna tusi la jikoni kubwa kuliko hilo. Chapwa ni hukumu. Bi harusi hupikishwa mara ya kwanza na wakwe, watu wakasubiri tonge la kwanza, na neno hilo likitoka litamfuata hadi apate wajukuu.

Lakini ulimi unafundishika. Watafiti wa Marekani walilionesha hilo mwaka 1982: watu walioishi miezi kadhaa kwa chakula cha chumvi kidogo walianza kupenda chumvi kidogo, na kile walichokiona kitamu mwanzo wakakiona kikali. Nyumbani ilichukua mwezi na nusu hivi. Mtoto wa tatu, yule mwenye maneno, alirudi kutoka kwa rafiki yake akasema kule wanapika na maji ya bahari.

Pakiti ikaanza kufika siku tisa, halafu kumi na mbili.

Lililotushangaza ni mahali chumvi ilipokuwa imejificha. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kilijazwa na vitu ambavyo hatukuviita chumvi. Papa na ng'onda ndiyo dhahiri; hao huloweshwa usiku, maji yakamwagwa mara mbili. Magadi hakuna aliyeyafikiria. Sisi huyatia kwenye maharage yaive upesi, kwenye mlenda uvutike, kwenye kisamvu kilainike, na magadi ni sodiamu vilevile, ingawa ulimi hauyaoni kama chumvi. Vidonge vya kuungia mchuzi ni chumvi iliyovaa nguo ya nyama. Mkate una chumvi, hata ule unaoonekana mtamu. Na watoto getini shuleni hula embe mbichi kwa chumvi na pilipili, mchana wanapita kwa muuza chipsi, yule mwenye chupa iliyotobolewa kifuniko, anayetikisa mara tano kabla hujafungua mdomo. Sema mapema. Mwambie asitie, akupe pembeni. Mama ntilie naye ukimwambia atakuelewa, kwa sababu nyumbani kwake, mara nyingi, yupo mtu mwenye presha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliikuta kwa takribani mtu mzima mmoja kati ya wanne Tanzania.

Nilipokuwa nikitafuta kama kuna mahali pengine walipoiona nyumba kama wifi alivyoiona, nilikutana na jaribio kubwa la vijijini China, lililotolewa mwaka 2021. Vijiji 600, watu karibu 21,000, wote waliowahi kupata kiharusi au wazee wenye presha. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa ya potasiamu badala ya sodiamu. Nililolipenda ni hili: mgonjwa hakupewa kichupa chake cha kujificha nacho. Ilitolewa ya kutosha jiko zima, wapikie wote. Baada ya miaka karibu mitano, viharusi katika vijiji hivyo vilikuwa pungufu kwa asilimia 14. Chumvi ya aina hiyo haifai kwa mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia baadhi ya dawa, kwa hiyo mtu asiikimbilie kabla ya kumuuliza daktari. Ila funzo la chungu ni la wote.

Niseme pia kwa uwazi kwamba mama hakuacha vidonge. Nalisema kwa sababu nimezika watu walioviacha. Mtu anatumia dawa miezi mitatu, presha inatulia, anajiona mzima, anaona ubaya wa kumeza kemikali kila siku, anaacha, na inarudi juu kimyakimya. Presha iliyotulia kwa dawa imetulia kwa sababu ya dawa. Chumvi ikipungua, uzito ukishuka, mtu akitembea kila siku, daktari anaweza kupunguza dozi, yeye daktari, akiwa na namba mbele yake. Wala chumvi haiachwi kabisa. Mwili unaihitaji, na tunayoinunua ina madini joto ndani yake, yanayowakinga watu na rovu na kuwakinga watoto walio tumboni wasizaliwe na akili iliyodumaa. Babu yangu alileta chumvi safi ya jaruba isiyo na madini hayo. Kwa hilo pakiti ya dukani ni bora kuliko kifuu cha bibi, nami sioni haya kusema hivyo ingawa kifuu ndicho ninachokipenda.

Na unapokwenda kupimwa, kaa kwanza. Dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini, mkono umetulia juu ya meza usawa wa moyo, umeshakwenda haja, hujanywa kahawa muda mfupi uliopita, huongei. Nimewaona wazee wakishuka bodaboda, wakapanda ngazi, wakafungwa mkanda huku bado wanahema na kusimulia habari za shamba. Namba inayotoka hapo ni ya ngazi na ya shamba.

Kilichobaki kuwa kigumu ni wageni. Nyumba ikishakubali, mgeni anakuja na desturi yake na aibu yetu inaamka. Tunaona ukarimu ni kuzidisha: sukari kwenye chai isimame kijiko, mafuta yaelee juu ya mchuzi, chumvi isikike. Kumpa mgeni chakula chenye kiasi tunaona ni kumpunguzia hadhi. Nimelitafakari hili nikaona lina jambo zuri ndani yake ambalo sitaki lipotee. Watu waliojua njaa hujua kwamba kumzidishia mtu ni kumwambia anapendwa. Kaka yangu aliwahi kumrudisha wifi jikoni aongeze chumvi kwa ajili ya wakwe wa binti yao, na sikumlaumu. Ila katika wageni wale walikuwemo wazee watatu, na wawili kati yao, nilijua, wanakwenda kliniki ileile ya mama. Tuliwapa heshima yetu, wakaila yote wasituvunje moyo, na usiku ule sijui mishipa yao ilikuwaje. Mgeni mzee hawezi kukuambia punguza. Adabu imemziba mdomo. Ni mwenyeji pekee mwenye nafasi ya kumlinda, kwa kupika kabla hajafika.

Lugha yetu, nikiisikiliza vizuri, ililijua hili. Lugha hiyohiyo inayomsifu mzee kwa chumvi aliyokula humwambia mwongo kwamba anatia chumvi. Habari ilikuwa ya kweli mpaka ilipozidishwa. Waliotuachia maneno haya mawili waliiona chumvi kwa karibu: ikipimwa na siku ni umri, ikimiminwa inaharibu hata ukweli.

Idi iliyopita nilikuwa Lindi. Mama ana miaka 75 sasa, na kipimo chake cha wiki ile, baada ya kukaa dakika tano zake, kilikuwa 138 kwa 84. Wifi alipika pilau na mchuzi wa kuku, na kabla ya kuepua alimwita mama aonje, kama anavyofanya kila siku kubwa. Mama alikuja na kiti chake. Akachukua mwiko, akadondosha matone mawili kwenye kiganja cha kushoto, akayapuliza, akayalamba, akatazama juu kidogo kama mtu anayesikiliza adhana ya mbali. Tukasubiri.

"Ndimu," akasema. "Chumvi ipo."

Mjomba alikuja na kikundi chake kutoka msikitini, akaonja, akaomba chumvi. Akapewa kikopo, akajinyunyizia upande wake wa sinia, tukaendelea kula, mama akiwa kati yetu, bega kwa bega na yule mjukuu mwenye maneno. Jioni pakiti ilikwisha. Mtoto alitumwa dukani akarudi na mpya, akaenda kuchukua kalamu kwenye kopo juu ya kabati, akapiga magoti sakafuni na kuilaza pakiti mbele yake.

"Leo tarehe ngapi, bibi?"

Mama akafikiri, akamtajia.